William Froude: mtu aliyeipima bahari ndani ya hodhi



Safu ya wiki hii naiandika nikiwa mbali na chumvi. Niko Kianjokoma, kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mahali penye majani chai, ukungu wa asubuhi, na baridi ya kumfanya mtu wa pwani alale na koti. Mpwa wangu anasomesha huku, nami nimekuja kumjulia hali.

Siku ya pili akanichukua hadi darasani kwake, akaniomba niwaeleze watoto habari za bahari, kwa kuwa wengi wao hawajaiona. Nikawaeleza majahazi, madau, ngalawa, maji kujaa na kupwa. Mambo yakaenda vizuri mpaka msichana mmoja wa mbele akainua mkono. Alikuwa ameona kwenye simu boti ya Lamu ikitoka gatini, pua juu na tezi chini, kama farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Akataka kujua kwa nini mbele kunapanda na nyuma kunazama, na kwa nini baada ya muda hujilaza tena. Nikamjibu kama tujibuvyo sote, kwamba ni nguvu ya injini. Akauliza: injini si iko nyuma, inasukuma mbele, mbona basi pua inakwenda juu?

Nilinyamaza. Nimezipanda boti hizo tangu utotoni. Nimemsikia nahodha mara mia akiwaambia abiria wasogee mbele, nami nimesogea bila kuuliza. Ubao mdogo wa chuma uliofungwa chini ya tezi za baadhi ya boti nimeuona, na nikadhani ni pambo au kiraka. Usiku ule, chini ya blanketi mbili, niliamua kulitafutia swali la yule mtoto jibu lake. Kila nilipolifuata, lilinirejesha kwa mtu mmoja aliyefariki zamani sana, 1879. Jina lake ni William Froude. Nataka nikusimulie maisha yake, kisha turudi kwenye ubao wa tezi, kwa sababu una pesa ndani yake, na wakati mwingine una roho za watu.

Froude alizaliwa tarehe 28 Novemba 1810 katika kijiji cha Dartington, jimbo la Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, si mbali na mto Dart unaoteremka kuingia baharini. Baba yake alikuwa kasisi mwenye cheo katika kanisa la Kiingereza, na nyumba yao ilikuwa ya watu wa vitabu. Kaka yake mmoja, Richard Hurrell, alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha vuguvugu la kidini lililolitikisa kanisa hilo, akafa bado kijana 1836. Mdogo wake, James Anthony, akaja kuwa mwanahistoria mashuhuri. William yeye aliegemea hesabu. Alisoma chuo cha Oriel, Oxford, na alipomaliza 1832 alikuwa amepata daraja la kwanza katika somo hilo.

Kazi yake ya mwanzo haikuwa ya majini. Zama zile Uingereza ilikuwa imeshikwa na homa ya reli, naye akaingia kwenye upimaji wa njia za treni. Mwaka 1837 mhandisi mkubwa wa zama hizo, Isambard Kingdom Brunel, alimchukua na kumkabidhi sehemu ya reli ya kutoka Bristol kwenda Exeter. Huko ndiko alikoonyesha tabia yake. Treni ilipofika kwenye kona, ilikuwa ikitoka kwenye mstari ulionyooka na kuingia ghafla kwenye upinde, na abiria wakarushwa upande. Froude akatafuta namna ya kuifanya kona ianze taratibu, upinde ukiongezeka hatua kwa hatua. Hakuridhika na kusema kona ni mbaya. Alitaka kujua ubaya unaanzia wapi, na ni kwa kiasi gani.

Mwaka 1839 alimuoa Catherine Holdsworth, binti wa mji wa Dartmouth, pale mto Dart unapokutana na bahari. Miaka michache baadaye, ilipofika 1846 hivi, aliiacha kazi ya reli akarudi nyumbani kumuuguza baba yake, na hali hiyo ikadumu mpaka mzee alipofariki 1859. Nadhani sisi watu wa pwani tutamwelewa kuliko wengi. Ni wangapi wetu wameacha kazi Nairobi au Uarabuni wakarudi kumshika mzazi mkono? Wengine huona mtu wa namna hiyo amepoteza maisha. Kwa Froude, miaka ile ya ukimya ndiyo iliyomrudisha majini.

Brunel alikuwa akiijenga Great Eastern, meli ya chuma yenye urefu wa mita 211, ambayo haikuwahi kuonekana mfano wake. Akamwomba rafiki yake Froude amsaidie kujua meli kama hiyo itayumba vipi mawimbini. Froude akalishika swali hilo, na mwaka 1861 akawasilisha nadharia yake ya kuyumba kwa meli mbele ya jumuiya ya wajenzi wa meli mjini London. Alionyesha kwamba kila chombo kina mwendo wake wa kuyumba, kama bembea ilivyo na mwendo wake, na hatari huja pale mawimbi yanapogonga kwa mwendo ule ule. Baadaye akaonyesha faida ya kutia mikuku miwili ya pembeni, chini ya tumbo la meli, ili kuupunguza myumbo huo. Meli nyingi za leo zinayo.

Lakini swali lililomfanya akumbukwe ni jingine: maji yanakizuia chombo kwa kiasi gani, na kwa nini?

Fikiria hali ilivyokuwa. Serikali na matajiri walikuwa wakitumia mali nyingi kujenga meli za mvuke. Hakuna aliyejua kabla ya kuishusha meli majini kama injini iliyotiwa itaifikisha kwenye kasi iliyotakiwa. Wajenzi walifuata kanuni za kubahatisha. Wengi waliamini meli bora lazima iwe na ncha kali mbele na nyuma. Na mtu akisema tutengeneze kimeli kidogo tukijaribu kwanza, alichekwa. Vimeli vidogo vilikuwa vimewahi kujaribiwa, na majibu yake hayakulingana na meli kubwa. John Scott Russell, mjenzi wa Great Eastern mwenyewe, alivichukulia kama mchezo wa kupendeza usio na manufaa kwa meli ya kweli.

Mwaka 1867 Froude alitengeneza vimashua kwa maumbo mawili, kila umbo kwa urefu wa futi 3, futi 6 na futi 12. Umbo moja lilikuwa na ncha kali kama wataalamu walivyotaka, akaliita Kunguru. La pili lilikuwa butu zaidi, kama kifua cha ndege wa majini, akaliita Batamaji. Akavikokota sambamba katika mto Dart kwa mashua ya mvuke, huku akipima nguvu ya mvuto wa kila kimoja. Kwa mwendo wa polepole Kunguru alishinda. Kasi ilipoongezeka, Batamaji akawa mwepesi zaidi. Kumbe hakuna umbo moja lililo bora kwa kila mwendo. Umbo hufuata kasi.

Akagundua pia kwamba vimashua vya umbo moja lakini ukubwa tofauti hufanya mawimbi yanayofanana kabisa, mradi kila kimoja kiende kwa kasi inayolingana na urefu wake. Si kasi sawa, bali kasi inayolingana. Chukua boti ya mita 10 inayokwenda maili 20 za bahari kwa saa. Ukitengeneza mfano wake wa sentimita 40, umeipunguza mara 25. Kasi unaipunguza kwa kipeuo cha 25, yaani mara 5, basi mfano wako uende maili 4 kwa saa. Hapo mawimbi ya mfano yatakuwa picha ndogo ya mawimbi ya boti. Na nguvu ya kuyafanya mawimbi hayo utaizidisha kwa 25 mara 25 mara 25, yaani 15,625, upate ya boti kubwa. Mfaransa Ferdinand Reech alikuwa ameifikia kanuni inayofanana na hii kabla yake, lakini Froude ndiye aliyeifanya iwe kazi ya kila siku.

Kwa nini basi waliomtangulia walishindwa? Kwa sababu maji hukizuia chombo kwa njia mbili, nao walizichanganya. Njia ya kwanza ni kusuguana: ngozi ya chombo inaburuza maji. Njia ya pili ni mawimbi: chombo kinatumia nguvu kuyainua maji. Mawimbi yanafuata ile kanuni ya kasi zinazolingana, msuguano hauifuati. Froude akavitenga. Akakokota mbao nyembamba za urefu tofauti, hata futi 50, zikiwa zimepakwa vanishi, nta, zimevikwa kitambaa au zimenyunyiziwa mchanga, akapima msuguano peke yake. Kisha kwa kila mfano alitoa hesabu ya msuguano, akakuza ile ya mawimbi, na mwisho akarudisha msuguano unaofaa meli kubwa.

Hapa nilitabasamu peke yangu. Mabaharia wetu tangu kale walilipandisha jahazi ufukweni maji yakipwa, wakalisugua ukoga na magamba, wakalichoma moto wa makuti, kisha wakalipaka shahamu na chokaa. Walijua kwamba chombo kichafu ni kizito. Elimu hiyo tulikuwa nayo. Ambalo hatukulifanya ni kuliandika kwa tarakimu ili mjukuu aanzie pale babu alipoishia.

Mwaka 1869 kamati ya wanasayansi wa Uingereza ilikaa kuamua njia ya kuyapima haya. Wengi wakasema zikokotwe meli kamili baharini, vimeli vidogo havifai. Froude, naye akiwa mjumbe, alikataa kuungana nao akaandika msimamo wake peke yake. Mwaka uliofuata jeshi la majini lilimsikiliza, kwa msaada wa mhandisi mkuu wake Edward Reed, likampa pauni 2,000 ajenge hodhi la majaribio. Kazi yenyewe aliifanya bila mshahara. Hodhi lilijengwa karibu na nyumba yake mjini Torquay, refu kama mita 85, limeezekwa juu, na reli ikapita juu ya maji ikibeba kigari kinachokokota mifano. Mifano aliitengeneza kwa nta ya mishumaa. Nta hukatika kirahisi, hainywi maji, na mfano ukishindwa unauyeyusha ukaumba mwingine. Majaribio yalianza 1872.

Waliokuwa na shaka walitaka ushahidi wa bahari, naye akawapa. Mwaka 1871 meli ya jeshi iitwayo Greyhound ilikokotwa na meli nyingine, Active, kwa kutumia boriti ndefu iliyotokeza ubavuni, ili inayokokotwa isipite kwenye maji yaliyokwisha kuvurugwa na mwenzake. Nguvu ya kamba ikapimwa kwa kasi mbalimbali. Matokeo yalipolinganishwa na yale ya mfano mdogo, yakaoana. Tangu hapo hakuna mjenzi makini wa meli kubwa aliyewacheka tena wenye vimeli vya nta. William Denny alijenga hodhi lake Dumbarton, Scotland, 1883, na leo mahodhi ya namna hiyo yametapakaa duniani.

Sasa turudi kwenye swali la msichana wa Kianjokoma. Kila chombo kinachokwenda huinua wimbi mbele na wimbi nyuma. Kasi ikiongezeka, wimbi linarefuka. Kwa boti ya mita 9, wimbi lake linakuwa refu kama boti yenyewe inapofika takriban maili 7 za bahari kwa saa. Hapo omo limekalia kilima, na ukiongeza kasi kidogo tu, kilima cha pili kinakimbilia nyuma na tezi linaangukia shimoni. Boti inakuwa inapanda mlima ambao imeujenga yenyewe, na mlima huo unasafiri nayo. Ndiyo maana pua iko juu. Jahazi lenye shehena halivuki hapo, haidhuru ulitie injini gani. Boti nyepesi yenye tumbo bapa ikipewa nguvu ya kutosha huvuka: maji yanaisukuma kutoka chini, inainuka na kuteleza juu yake badala ya kuyapasua. Hapo pua hujilaza, na abiria hushusha pumzi.

Kati ya kupanda na kuteleza ndipo petroli inapoishia. Injini inanguruma, boti haiendi, nahodha haoni mbele kwa sababu pua imemziba. Boti iliyojaza mizigo nyuma inaweza isivuke kabisa, ikaenda safari nzima na pua hewani. Ukisikia nahodha akiwaomba abiria wasogee mbele, anajaribu kuupunguza mlima huo kwa miili yenu.

Ubao wa tezi unaifanya kazi ile ile bila kumsogeza mtu. Ni bamba linalofungwa kwenye ukingo wa chini wa tezi, likielekea chini kwa pembe ndogo. Maji yanayopita chini ya boti yanapolifikia hupungua mwendo, na kanikizo lake linaongezeka eneo lile lote la nyuma. Tezi linasukumwa juu, pua inashuka, mlima unakuwa mfupi. Kwenye meli kubwa zaidi, bamba hilo hubadilisha pia wimbi la nyuma, maji yakaachana na meli kana kwamba meli imerefuka. Zipo aina kadhaa. Kuna bamba linaloinuliwa na kushushwa kwa mtambo wa mafuta, kuna kabari iliyojengwa moja kwa moja kwenye tumbo la boti, na kuna kisu kilichosimama wima nyuma ya tezi, kinachoshushwa sentimita chache tu, au pungufu yake, na bado kikafanya kazi kubwa.

Si dawa ya kila ugonjwa. Ukilishusha kupita kiasi, omo linachimba maji. Boti inayokimbia na mawimbi nyuma yake, pua ikiwa chini, inaweza kugeuka ubavu kwa ghafla na kupinduka. Na boti ikishaanza kuteleza kwa kasi kubwa, bamba lililoshushwa huwa breki. Kinachofaa maili 12 hakifai maili 30. Kunguru na Batamaji, lile lile somo la 1867.

Froude hakuuvumbua ubao huu, na sitaki nimpe asichokuwa nacho. Uliingia vyomboni baada yake. Lakini kila anayeupima leo, iwe ni kwa meli ya kivita au boti ya abiria, anaupima kwa njia yake: mfano mdogo, hodhi, kasi inayolingana. Na alikaribia kuziona boti za kuteleza. Mwaka 1872 kasisi mmoja aitwaye Ramus alipeleka kwa jeshi la majini pendekezo la meli yenye tumbo la ngazi, ambayo ingeinuka na kuteleza juu ya maji. Froude akaijaribu hodhini, akakuta kwamba kwa nguvu za injini za mvuke za wakati ule, ingekuwa nzito kuliko meli ya kawaida. Wazo halikuwa la kijinga. Injini nyepesi ya kulibeba ndiyo iliyokuwa haijazaliwa. Froude alijibu kile alichopima, hakuongeza.

Tabia hiyo ya kutosema zaidi ya ulichopima ilimgharimu nyumbani pia. Mkewe na wengi wa watoto wake waliingia Ukatoliki, wakifuata njia ya rafiki wa familia, John Henry Newman. Froude alibaki na shaka zake. Yeye na Newman waliandikiana kwa miaka mingi, mmoja akitetea yakini ya imani, mwingine akisema akili ya binadamu haistahili kujiamini hivyo. Sisi Waislamu hatusimami aliposimama Froude, wala aliposimama Newman. Lakini nimependa kwamba wawili hao walihitilafiana maisha yao yote katika jambo zito kuliko yote, na hawakuvunjiana heshima hata mara moja. Kuna mabaraza yetu yanahitaji somo hilo.

Mwaka 1878 Catherine alifariki. Froude alikuwa mtu wa miaka 67, amechoka, kazi ya mwisho ikiwa mtambo wa kupima nguvu za injini kubwa za meli, ambao kanuni yake inatumika hadi sasa. Jeshi la majini likamwalika apumzike kwa safari ya hadi Afrika ya Kusini ndani ya meli Boadicea. Huko akaugua tumbo la kuhara damu, akafariki mjini Simon's Town tarehe 4 Mei 1879, akazikwa hapo kwa heshima za kijeshi. Newman, aliyekuwa Roma kupokea ukadinali, alikuwa akimwandikia jibu refu. Halikumfikia.

Mwanawe Robert Edmund aliirithi kazi, akaihamishia Haslar, karibu na Portsmouth, hodhi kubwa zaidi likajengwa huko miaka ya 1880.

Ningeweza kuishia hapa, lakini ile meli inanizuia. Boadicea haikuishia Simon's Town. Wazee wa Witu na Kipini wanaijua habari ya 1890, baada ya Wajerumani kuuawa Witu wakati wa Sultani Fumo Bakari. Oktoba ya mwaka huo, Admirali Fremantle alikuja na manowari na askari, wakateremka pwani yetu, wakaivamia Witu na kuichoma moto. Meli yake ya bendera ilikuwa Boadicea. Chombo kilichombeba mtu mpole aliyependa kupima kwa haki, miaka 11 baadaye kilibeba moto hadi mlangoni kwa babu zetu. Na jeshi lililomlipia Froude hodhi ni lile lile.

Nimelitafakari hilo sana katika baridi hii. Kuna atakayesema tusimtaje mtu kama huyo. Mimi naona kinyume. Waliotushinda mwaka ule hawakutushinda kwa sababu walikuwa mabaharia bora. Sisi tulizijua kusi na kaskazi kabla yao. Walikuwa na watu waliokaa chini kupima, na dola iliyokubali kulipia upimaji. Elimu haina kosa, kosa ni la aliyeishika na aliyeiacha. Tukiiacha mara ya pili, tusimlaumu Mwingereza.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wenye boti wa Lamu, Faza, Kizingitini, Shimoni na kwengineko. Kabla ya kununua injini kubwa zaidi, pima. Chagua safari moja unayoijua umbali wake, wakati mmoja wa maji, mzigo ule ule. Andika lita ulizotumia na dakika ulizochukua. Badilisha kitu kimoja tu: sogeza mapipa mbele, safisha tumbo la boti, au mwombe fundi akufungie bamba la tezi. Rudia safari hiyo mara tatu, uandike. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, hutajua kipi kilichokusaidia. Daftari la shilingi hamsini linaweza kukuokolea mapipa ya petroli. Na bamba hilo lisiwe sababu ya kupakia watu zaidi. Boti iliyojaa kupita kiasi haiokolewi na ubao wowote, na jaketi la kuokolea maisha halina mbadala.

La pili ni kwa wakuu wa vyuo vya Mombasa, Chuo Kikuu cha Kiufundi na Chuo cha Bahari cha Bandari. Hodhi la kwanza la dunia lilijengwa uani kwa mtu, na mifano yake ilikuwa ya nta ya mishumaa. Si jambo la kutushinda. Waiteni mafundi wa majahazi kutoka Matondoni, wakae meza moja na vijana wa hesabu, wajaribu tezi za boti zetu wenyewe, kwa mizigo yetu na mawimbi yetu.

Jana jioni niliteremka na mpwa wangu hadi kijito kilicho chini ya shamba la chai. Yule msichana alikuwepo na wenzake. Tukachonga vimashua viwili vya mgomba, vya umbo moja, kimoja tukakitia kipande cha kopo la bati chini ya tezi. Tukavifunga uzi kwenye ncha mbili za fimbo, tukaishika katikati, tukavikokota sambamba kinyume cha mkondo. Cha kwanza kikainua pua. Cha pili kikaenda kimelala. Watoto wakapiga kelele, kisha yule msichana akaomba tuvifanyie tena, mara hii bati likunjwe zaidi. Tukakunja zaidi, na kimashua kikazamisha omo kikajaa maji. Akacheka, akachukua kalamu akaandika kwenye daftari lake.

Maji ya kijito kile huingia mtoni, mto ukaingia Tana, na Tana hutoka baharini Kipini, jirani na Witu. Nilipokuwa nikiondoka alikuwa bado ameinama, anakunja bati la tatu.

Wallahu aalam. Tukutane wiki ijayo, inshaAllah.